Mbwa Mlangoni mwa Duka: Historia ya Katazo na Ruhusa

Katika miji mingi ya dunia mlango wa duka ndio mpaka wa mbwa. Bwana wake huingia, na mbwa hufungwa nje kwenye nguzo, au huachwa nyumbani. Desturi hiyo yaonekana kuwa jambo dogo, wala watu wengi hawaoni haja ya kuuliza ilianzaje. Lakini katika karne ya 20 mpaka huo ulipingwa na watu ambao kwao haukuwa jambo dogo hata kidogo, yaani wasioona watembeao kwa kuongozwa na mbwa. Mlango uliofungwa mbele ya mbwa ulikuwa umefungwa mbele yao wenyewe. Historia ya jinsi ulivyofunguliwa, hasa katika Marekani na Uingereza, yastahili kuchunguzwa, kwa kuwa sheria iliyoufungua haikumsifu mbwa, wala haikuziondoa sababu za kale za kumzuia. Ilitenganisha tu mbwa afugwaye kwa mapenzi na mbwa afanyaye kazi. Utengano huo si mgeni katika fikira za watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ingawa maneno ya kuueleza kwa Kiswahili bado hayajatulia.

Yafaa kwanza zikumbukwe sababu za kumzuia mbwa, maana hazikuwa chuki tupu. Kichaa cha mbwa kilikuwa hofu kubwa ya miji ya Ulaya katika karne ya 19. Louis Pasteur alimchanja mtu dhidi ya ugonjwa huo kwa mara ya kwanza mwaka wa 1885. Lakini Uingereza iliushinda zaidi kwa amri za kuwafunga mbwa midomo na kuwazuilia bandarini wale waliotoka nchi za nje, hata ukakoma mwaka wa 1902. Ulirudi mwaka wa 1918, ukakomeshwa tena mwaka wa 1922. Mfano mwingine ni Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, ambako kufuga mbwa kulipigwa marufuku mwaka wa 1924, sababu kubwa ikiwa ni aina ya tegu anayetoka kwa mbwa na kumwingia mwanadamu, akafanya malengelenge makubwa ndani ya ini na mapafu. Katazo hilo lilidumu miaka 60, likaondolewa mwaka wa 1984.

Katika maduka sababu kubwa ilikuwa chakula. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2004 juu ya usafi wa vyakula yataka pawe na taratibu za kuwazuia wanyama wafugwao wasifike mahali chakula kinapotengenezwa, kinaposhughulikiwa au kinapowekwa. Lakini katika Uingereza haikuwapo sheria moja ya kuwafukuza mbwa katika maduka yote. Mwenye duka la vitabu au la nguo aliweza kumkaribisha mbwa akitaka, na aliweza vilevile kuandika mlangoni kwamba hamtaki. Neno lilikuwa lake. Basi katazo lilisimama juu ya nguzo mbili: usafi, na haki ya mwenye nyumba kuamua nani aingie kwake. Aliyetaka kuuvuka mpaka huo ilimpasa ajibu hoja zote mbili.

Habari za mbwa kumwongoza kipofu ni za kale sana. Katika magofu ya Herculaneum, mji uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka wa 79, ilionekana picha ya ukutani ya mtu adhaniwaye kuwa kipofu, mbwa akiwa mbele yake. Lakini kati ya mbwa aliyezoea njia za bwana wake na mbwa aliyefundishwa kwa utaratibu pana tofauti kubwa. Johann Wilhelm Klein, mwanzilishi wa chuo cha vipofu cha Vienna, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1819 namna ya kumfundisha mbwa huyo, akashauri kipofu ashike kijiti kigumu kilichofungwa kwa mbwa badala ya kamba. Sababu yake ni wazi. Kamba hulegea, haimwambii mshikaji neno. Lakini kijiti hupeleka mkononi kila mwendo wa mbwa, akisita, akigeuka, au akisimama. Shauri hilo lilikaa karibu miaka 100 bila kuwa kazi ya chuo chochote.

Vita Kuu ya kwanza ndiyo iliyolifufua. Askari wengi wa Ujerumani walirudi wamepofuka, baadhi yao kwa gesi ya sumu. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1916 daktari Gerhard Stalling alifungua katika mji wa Oldenburg chuo cha kwanza cha kufundisha mbwa kwa ajili ya vipofu. Chuo hicho kilifungwa mwaka wa 1926, lakini wakati huo kilikuwapo kingine Potsdam, karibu na Berlin, kilichoanzishwa mwaka wa 1923. Huko ndiko alikofika Dorothy Harrison Eustis, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa akilea na kufundisha mbwa katika milima ya Uswisi. Aliyoyaona aliyaandika katika gazeti la Saturday Evening Post la tarehe 5 Novemba 1927.

Makala hiyo ilisomwa mbele ya kijana mmoja wa Nashville, katika jimbo la Tennessee, jina lake Morris Frank. Alikuwa amepoteza jicho moja utotoni, na la pili alipokuwa na umri wa miaka 16. Alikuwa akifanya kazi ya kuuza bima, na kila alipotaka kutoka ilimbidi kumlipa mtu wa kumshika mkono. Siku chache baadaye alimwandikia Bibi Eustis kuomba mbwa, akaahidi kwamba akisaidiwa, atarudi kwao kuwafundisha vipofu wengine. Mwaka wa 1928 alivuka bahari kwenda Uswisi. Katika safari ya kwenda alipokewa kama kifurushi kikabidhiwacho mikononi mwa watu, akafungiwa chumbani asipotee. Aliporudi New York mwezi wa Juni, pamoja na mbwa jike aitwaye Buddy, alivuka barabara yenye magari mengi mbele ya waandishi wa magazeti bila kushikwa na mtu. Kisha akampelekea Bibi Eustis simu ya neno moja tu: amefaulu.

Huo ulikuwa ushindi wa barabarani. Wa milangoni ulikuwa bado. Mwezi wa Januari mwaka wa 1929 chuo cha The Seeing Eye, yaani Jicho Lionalo, kiliundwa Nashville, na baada ya miaka michache kikahamia jimbo la New Jersey. Tangu mwanzo Frank alitambua kwamba mbwa aliyefundishwa vizuri hamfai kipofu kitu ikiwa atamfikisha kwenye mlango wa hoteli, wa mkahawa, wa duka au wa gari la moshi, na hapo aambiwe, "Wewe ingia, mbwa abaki nje." Kumtenga na mbwa wake ndani ya jengo asilolijua ni kumrudisha katika hali ileile aliyoikimbia. Kwa hiyo alisafiri katika nchi yake akiingia mahali pengi pamoja na Buddy, akiwaonyesha wenye mahali hapo jinsi mbwa huyo anavyolala kimya chini ya meza au miguuni pa bwana wake. Hakutegemea maneno peke yake. Mbwa mwenyewe alikuwa ndiye hoja.

Hoja hiyo iliwaingia kwanza watu wa usafiri. Kufikia mwaka wa 1935 mashirika ya reli ya Marekani yalikuwa yameweka kanuni za kumruhusu mbwa wa kipofu kukaa na bwana wake ndani ya behewa badala ya kufungiwa pamoja na mizigo. Mwaka wa 1938, muda mfupi kabla ya kufa kwake, Buddy alisafiri ndani ya ndege akiwa kando ya Frank. Lakini ruhusa hizo zilikuwa hisani, na hisani huweza kuondolewa na yule aliyeitoa. Majimbo yalianza kutunga sheria, moja baada ya jingine, kila moja kwa maneno yake. Na kipofu aliyelindwa katika mji mmoja aliweza kugeuzwa mlangoni katika mji wa pili.

Aliyeligeuza jambo hili kutoka hisani kuwa haki, kwa upande wa fikira za kisheria, alikuwa mtu asiyeona mwenyewe. Jacobus tenBroek, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California na mwanzilishi wa shirika la taifa la vipofu la mwaka wa 1940, alichapisha mwaka wa 1966 makala mashuhuri juu ya haki ya kuishi duniani. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu asiyeona ana haki ya kuwa barabarani, sokoni na garini sawa na mtu mwingine, na kwamba sheria isimhesabu mzembe kwa sababu tu ametoka nyumbani bila mtu wa kumshika. Kwa fikira hiyo fimbo nyeupe na mbwa si mambo ya huruma. Ni vyombo ambavyo kwavyo raia huitumia haki aliyo nayo tayari.

Fikira hiyo iliingia katika sheria ya nchi nzima mwaka wa 1990, ilipopitishwa Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu. Kanuni zake, kama zilivyotengenezwa upya mwaka wa 2010 na kuanza kutumika mwezi wa Machi mwaka wa 2011, zamtaja mbwa kwa kazi yake. Mbwa wa huduma ni yule aliyefundishwa mmoja mmoja kufanya kazi fulani kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Kazi hiyo ikiwa haionekani waziwazi, mwenye duka aweza kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu ahitajiwa kwa sababu ya ulemavu? Na je, amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai cheti, wala kuuliza habari za ugonjwa wa mtu. Aweza, hata hivyo, kumtoa mbwa asiyetawaliwa na bwana wake, au achafuaye mahali. Mbwa amtulizaye mtu moyo kwa kuwa naye tu, bila kazi aliyofundishwa, hakuhesabiwa kuwa mbwa wa huduma.

Hapo ndipo hoja mbili za kale zilipopata majibu. Hoja ya usafi ilijibiwa kwa malezi: mbwa aliyefundishwa haruki juu ya meza, hanusi vyakula, hajisaidii ndani. Tena hakupewa ruhusa ya kuingia mahali pa kupikia. Alipewa ruhusa ya kupita pale apitapo mnunuzi. Hoja ya haki ya mwenye nyumba ilijibiwa kwa kusema kwamba mtu akifungua duka kwa watu wote, hawezi kuwachagua watu hao. Lakini kwa mbwa afugwaye kwa mapenzi hoja zote mbili zilibaki na nguvu yake. Serikali iliweza kulegeza kidogo, kama California ilivyofanya tangu mwaka wa 2015 kwa kuruhusu mbwa wa nyumbani katika sehemu za nje za mikahawa, kwa masharti. Lakini huko ni kulegeza kanuni, si kutambua haki.

Mpaka uliowekwa juu ya kazi una udhaifu wake, nao ulionekana upesi. Kwa kuwa mwenye duka hawezi kudai cheti, watu wengine waliwavisha mbwa wao wa nyumbani mavazi ya mbwa wa huduma ili waingie nao wapendapo. Madhara yake hayakumwangukia mdanganyifu, bali asiyeona afikaye baadaye na kukuta mwenye duka amekwisha kuchoshwa na mbwa wabaya. Na mbwa wake mwenyewe aweza kushambuliwa na hao wasiofundishwa, akapoteza uwezo wa kufanya kazi. Kwa sababu hiyo Florida mwaka wa 2015 iliufanya udanganyifu huo kuwa kosa la jinai, na majimbo mengine yalitunga sheria za namna hiyo. Katika usafiri wa ndege, kanuni iliyoanza mwezi wa Januari mwaka wa 2021 iliondoa wajibu wa mashirika kuwapokea wanyama wa kutuliza moyo kana kwamba ni mbwa wa huduma.

Katika Uingereza njia ilikuwa nyingine kidogo. Mbwa wanne wa kwanza walimaliza mafunzo yao Wallasey mwaka wa 1931, kwa juhudi za wanawake wawili, Muriel Crooke na Rosamund Bond, na shirika la mbwa wa vipofu likaanzishwa mwaka wa 1934. Sheria dhidi ya ubaguzi wa watu wenye ulemavu ilitungwa mwaka wa 1995, na tangu mwaka wa 2001 wenye teksi katika Uingereza na Wales walilazimika kumchukua mbwa wa kipofu bila kudai nauli ya ziada. Sheria ya Usawa ya mwaka wa 2010 iliyakusanya mambo hayo pamoja.

Katika miji ya Uingereza swali hili lilikutana na fiqihi ya Kiislamu, kwa kuwa miongoni mwa madereva wa teksi na wenye maduka huko wamo Waislamu, na wamo Waislamu wasioona pia. Jambo hili lawahusu wasomaji wa Kiswahili, maana Waislamu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi nzito: chombo au nguo iliyoguswa na ute wake huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Madhehebu ya Malik humhesabu mbwa aliye hai kuwa tahiri. Hata katika madhehebu ya Shafi najisi hiyo huambukiza kwa umajimaji. Kikavu kikigusa kikavu hakuna kilichonajisika. Zaidi ya hayo, mafundisho yaleyale yanayokataza kufuga mbwa bila haja yamewatoa katika katazo hilo mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Basi fiqihi, kwa karne nyingi kabla ya sheria ya 1990, ilikuwa imemtenga mbwa wa haja na mbwa wa mapenzi.

Utengano huo ulitumiwa kwa njia ya busara mwaka wa 2008 katika mji wa Leicester, ambako msikiti mmoja ulimruhusu kijana asiyeona kufika na mbwa wake. Mbwa alitengewa mahali pa kupumzika karibu na kiingilio, na bwana wake akaendelea kwenda kusali. Mahali pa kusalia palibaki tahiri, na mwenye kusali hakuzuiwa. Msomaji wa Kurani atakumbuka kwamba katika Sura ya Al-Kahf mbwa wa wale vijana waliolala pangoni atajwa akiwa amenyosha miguu yake ya mbele kizingitini. Yeye ni mwenzi wao, na mahali pake ni mlangoni.

Yabaki maneno. Neno lenyewe "mbwa" ni la asili ya Kibantu, ndugu wa "embwa" ya Kiganda na "imbwa" ya Kinyarwanda, na Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa mbwa wanaofahamika zamani: mbwa koko wa vichochoroni, mbwa mwitu, mbwa wa msasi, kijibwa na jibwa. Maneno haya humtaja mbwa kwa mahali pake, kwa kazi yake au kwa ukubwa wake. Lakini "mbwa wa kufuga" ni neno pana mno. Mbwa wa kipofu afugwa, na mbwa wa mapenzi afugwa pia. "Mbwa kiongozi" laweza kudhaniwa kuwa ni yule awatanguliaye wenzake katika kundi. "Mbwa mwongozaji" lafaa zaidi, na "mbwa wa kuongozea wasioona" ni refu lakini halina utata. Kwa upande wa pili, "mbwa wa mapenzi" au "mbwa kipenzi" laonyesha vizuri kwamba sababu ya kuwapo kwake ni moyo wa bwana wake.

Uchaguzi huu wa maneno si mchezo wa kamusi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka wa 2006 juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka wa 2008 na Tanzania mwaka wa 2009, wataka mataifa yatoe misaada ya viumbe hai na ya wasaidizi, wakiwamo waongozaji, ili watu wenye ulemavu waweze kuingia katika majengo yatumiwayo na watu wote. Mkataba hautaji mbwa kwa jina. Mfasiri akiandika "msaada wa watu" amemfungia mbwa nje kabla hajafika mlangoni. Akiandika "msaada wa viumbe hai" amemwachia nafasi. Hata katika nchi ambako mwongozaji wa kawaida ni mtoto ashikaye ncha ya fimbo, mara nyingi akikosa masomo kwa ajili ya kazi hiyo, nafasi hiyo ina maana. Mtoto hapingwi mlangoni. Lakini mtoto ana haki zake, na mtu mzima asiyeona angependa kwenda dukani bila kungoja mtoto arudi kutoka shuleni.

Kadhalika kibao cha dukani. Aandikaye "Mbwa hawaruhusiwi" ameandika maneno mawili yenye nguvu ya sheria, naye pengine alimkusudia mbwa kipenzi tu. Historia iliyoelezwa hapa yaonyesha kwamba miaka zaidi ya 60 ilipita tangu Frank alipovuka barabara ya New York mpaka sheria ya nchi yake ilipomfungulia milango yote. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuwafanya watu waone kwamba neno moja lilikuwa likitumika kwa viumbe wawili wasiofanana. Kiswahili kikiwa na maneno mawili yaliyo wazi, kibao chaweza kuandikwa hivi: "Mbwa hawaruhusiwi, isipokuwa mbwa waongozaji." Mwenye duka hapotezi usafi wake, na asiyeona hapotezi njia yake.